Orodha ya Mwaka 1908: Kanisa, Ujira na Sheria za Nchi

Jumapili moja ya baridi, baada ya ibada, tulikuwa tumekaa ukumbini tukinywa chai. Mama mmoja wa usharika wetu hapa Iowa, anayefanya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, aliuliza swali lililotunyamazisha. Mtoto wake alikuwa ameugua siku tatu, akabaki naye nyumbani, na siku zile tatu hakulipwa. Akasema, "Wazee wangu, Kanisa lina neno lolote juu ya jambo hili, au ni la kuombea tu?" Mzee mmoja akamjibu kwa upole, "Mama, hayo ni mambo ya siasa. Siasa tuiache mlangoni."

Mimi nilikuwa miongoni mwa wazee waliokaa kimya. Swali lile lilinifuata hadi nyumbani. Nikaanza kutafuta kama Wakristo wa nchi hii tuliyohamia waliwahi kulijibu. Ndipo nilipokutana na tamko la mwaka 1908 linalojulikana kama Kanuni ya Imani ya Kijamii ya Makanisa. Ni fupi sana. Unaweza kulisoma lote kabla chai haijapoa. Katika insha hii nataka tulipime pamoja: lilisema nini, lilizaa nini, lilikosea wapi, na linatudai nini sisi tunaoabudu kwa Kiswahili katika Marekani ya leo.

Lilivyozaliwa

Mwezi Mei 1908 Mkutano Mkuu wa Kanisa la Methodist Episcopal ulikutana Baltimore, ukapitisha tamko hilo. Mwandishi wake mkuu alikuwa Harry F. Ward, mchungaji kijana aliyekuwa amehudumu Chicago karibu na machinjio makubwa, akiwazika watu waliokufa kwa kazi na kuwatembelea waliolemazwa nayo. Desemba mwaka huohuo, madhehebu zaidi ya 30 yalikutana Philadelphia kuunda Baraza la Shirikisho la Makanisa, nayo yakalipokea tamko lile likiwa limeongezwa mambo kadhaa. Aliyeliwasilisha ni Frank Mason North, mtumishi wa misheni za mjini New York na mtunzi wa tenzi.

Hawakuwa peke yao. Mwaka mmoja kabla, Walter Rauschenbusch, Mbaptisti mwenye asili ya Ujerumani, alikuwa ametoa kitabu juu ya Ukristo na msukosuko wa jamii kilichosomwa sana. Naye alikuwa amechunga kanisa dogo katika mtaa wa maskini wa New York kwa miaka 11, tangu 1886. Alisema waziwazi kwamba mazishi ya watoto ndiyo yaliyomfanya aisome Biblia upya. Jambo hili tulikumbuke, kwa sababu wako wanaodhani watu hawa walikuwa wanasiasa waliovaa kola ya kichungaji. Walikuwa wachungaji waliochoka kuzika.

Linachosema

Tamko lenyewe ni orodha ya mambo ambayo Kanisa linapaswa kuyasimamia. Kwa maneno yangu mwenyewe: haki sawa kwa watu wa kila hali; migogoro ya kazi itatuliwe kwa usuluhishi; wafanyakazi wakingwe na mashine za hatari, magonjwa ya kazini na majeraha; ajira ya watoto ikomeshwe; kazi za wanawake ziwekewe masharti ya kulinda afya; kazi za kunyonya jasho, kama ushonaji wa nguo vyumbani kwa malipo madogo ya kila kipande, zipigwe vita; saa za kazi zipunguzwe; kila mtu apate siku moja ya mapumziko katika saba; kila kazi ilipe ujira wa kutosha kuishi. Philadelphia waliongeza matunzo ya wafanyakazi wazee na ya walioumizwa kazini, na kupunguzwa kwa umaskini.

Sifa ya kwanza ya orodha hii ni kwamba haikujificha nyuma ya maneno makubwa. Sisi watu wa Kanisa tuna ujuzi wa kusema "tuombee haki na amani" bila kumwambia mtu yeyote afanye nini Jumatatu. Orodha hii inataja mashine, saa na mshahara. Msimamizi wa kiwanda akiisoma anajua anaambiwa yeye.

Sifa ya pili ni kwamba mizizi yake imo katika Maandiko, ingawa haitaji aya. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inakataza kumdhulumu kibarua maskini, awe ndugu au mgeni, na inaagiza alipwe kabla jua halijatua. Amri ya Sabato katika Kutoka 20 haimpi pumziko mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mtumwa, mjakazi, mnyama na mgeni. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika kwa Bwana wa majeshi. Na Isaya 10 inatangaza ole juu ya wale wanaotunga sheria za kuwanyima maskini haki. Basi nabii aligusa hata sheria yenyewe. Mtu akisema sheria za kazi si jambo la Kanisa, amwulize Isaya.

Ilizaa nini?

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, wakisema matamko ya makanisa ni karatasi tu. Wana sehemu ya ukweli. Lakini tufuatilie.

Marekani ina serikali za majimbo na serikali ya taifa, na kila upande una mamlaka yake. Mwaka 1905 Mahakama ya Juu ya nchi ilikuwa imebatilisha sheria ya New York iliyoweka kikomo cha saa za kazi kwa waokaji mikate. Mwaka 1908, mwaka wa orodha yetu, mahakama hiyohiyo iliikubali sheria ya Oregon iliyowawekea wanawake kikomo cha saa 10 kwa siku. Mlango ulifunguka kidogo, na majimbo yakaanza kupita. Wisconsin ilianza kutekeleza fidia kwa walioumia kazini mwaka 1911. Massachusetts ilipitisha sheria ya kima cha chini cha mshahara mwaka 1912.

Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, kiliungua. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji wa Kiyahudi na Kiitaliano. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Miongoni mwa waliosimama barabarani wakitazama alikuwamo Frances Perkins, mwanamke wa Kanisa la Episcopal. Alikwenda kufanya kazi na tume ya jimbo iliyochunguza viwanda, na mwaka 1933 akawa Waziri wa Kazi wa taifa, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la nchi hii. Alipokuwa waziri alikuwa na desturi ya kwenda kwenye nyumba ya masista huko Maryland kukaa kimya na kusali. Sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1935, ambayo leo inawalipa wazee wetu pensheni, ilipita mikononi mwake.

Ajira ya watoto ilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1916 Bunge la taifa lilizuia bidhaa za viwanda vilivyoajiri watoto wadogo zisiuzwe nje ya jimbo. Mwaka 1918 Mahakama ya Juu ikaibatilisha sheria hiyo kwa kura tano dhidi ya nne. Bunge likajaribu kwa njia ya kodi. Mwaka 1922 ikabatilishwa tena. Mwaka 1924 wakapendekeza marekebisho ya Katiba, majimbo ya kutosha hayakuridhia. Ni mwaka 1938 ndipo ilipopatikana sheria ya taifa iliyodumu, iliyoweka pia kima cha chini cha senti 25 kwa saa. Tangu orodha ya Baltimore imepita miaka 30. Mtoto aliyekuwa kiwandani mwaka 1908 alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake.

Na chuma? Mafundi wa viwanda vya chuma walikuwa wakifanya kazi saa 12 kwa siku, wengine siku zote saba. Walipogoma mwaka 1919, tume ya makanisa ilichunguza na mwaka 1920 ikatoa taarifa iliyoieleza nchi hali ilivyo. Mwaka 1923 kampuni zilianza kuacha zamu ya saa 12. Kanisa halikufanya peke yake. Vyama vya wafanyakazi vililipa gharama kubwa kuliko sisi. Lakini Kanisa lilikuwapo.

Ilikosea wapi?

Sasa niseme yale yanayoniuma, kwa maana heshima bila ukweli ni unafiki.

Kwanza, orodha inasema haki sawa kwa watu wa kila hali, halafu haisemi lolote juu ya rangi. Agosti 1908, kati ya mkutano wa Baltimore na ule wa Philadelphia, umati wa wazungu ulishambulia watu weusi mjini Springfield, Illinois, mji wa Abraham Lincoln, ukachoma nyumba zao na kuua. Miaka hiyo watu weusi walikuwa wakinyongwa na makundi hadharani, na Ida B. Wells alikuwa ameandika juu ya maovu hayo tangu miaka ya 1890. Makanisa ya watu weusi, likiwamo la A.M.E., yalikuwa ndani ya Baraza lililokutana Philadelphia. Huwezi kusema hawakujua. Mashine ya hatari ilitajwa. Kamba ya mnyongaji haikutajwa.

Kimya hicho kilikuwa na gharama ndani ya sheria zenyewe. Ile sheria ya hifadhi ya mwaka 1935 na ile ya mishahara ya mwaka 1938 ziliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani, yaani kazi ambazo watu weusi wengi wa Kusini walikuwa wakizifanya. Kima cha chini kiliwafikia vibarua wa mashambani mwaka 1966 tu, na watumishi wa majumbani mwaka 1974. Hili linatuhusu moja kwa moja. Mabinti zetu wanaowatunza wagonjwa majumbani wamerithi kazi ambazo sheria ilianza kwa kuzidharau.

Pili, mwanamke katika orodha hii ni mtu wa kulindwa, si mtu wa kusikilizwa. Afya yake na maadili yake yanatajwa. Mshahara sawa na wa mwanamume hautajwi, na haki ya kupiga kura, aliyoipata kitaifa mwaka 1920, haimo.

Tatu, orodha haikuvuka bahari. Wakati ule wamisionari wa Kimethodisti John na Helen Springer walikuwa wakielekea kuanza kazi Katanga, mahali ambapo kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilichimba shaba kwa mikono ya Waafrika. Baadhi yetu ni wajukuu wa mikono hiyo. Mchimba madini wa Pennsylvania aliandikiwa haki zake. Kwa mchimba shaba wa Katanga orodha haina neno. Injili tuliletewa, na tunamshukuru Mungu. Ukurasa huu wa injili ulibaki nyumbani.

Nne, mwisho wa orodha unasema kwamba mafundisho ya Kristo ya kuwatendea wengine kama tupendavyo kutendewa ni sheria kuu ya jamii na dawa ya hakika ya maovu yake yote. Kwamba ni sheria kuu, naamini. Lakini jinsi walivyolitamka inaonekana kana kwamba dawa ilikuwa tayari kwenye chupa, imebaki kunywewa tu. Baada ya miaka sita vita kuu ilianza kati ya mataifa ya Kikristo. Na yale makanisa yalipopata nguvu ya kutunga sheria, mojawapo ya ushindi wao mkubwa ulikuwa kupiga marufuku pombe nchi nzima kuanzia mwaka 1920. Walikuwa na sababu njema, kwa maana ulevi uliharibu nyumba nyingi. Lakini magendo na ujambazi vikashamiri, na mwaka 1933 marufuku ikafutwa. Anayetaka Kanisa lizungumze juu ya sheria, mimi nikiwamo, hana budi kulikumbuka hilo. Sheria inaweza kumzuia mwajiri asimdhulumu kibarua. Haiwezi kumpa moyo mpya. Kazi hiyo ya pili bado ni ya madhabahu.

Tano, orodha yenyewe haisemi neno juu ya Kanisa kama mwajiri. Nitarudi hapo.

Inatudai nini leo?

Wapendwa, msidhani mambo haya yamepita. Kima cha chini cha taifa ni dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009, na Iowa imebaki hapohapo wakati majimbo mengi yamepandisha chao. Sheria ya taifa ya mwaka 1993 inampa mzazi likizo ya hadi wiki 12 kumtunza mtoto mgonjwa sana, lakini bila malipo, na haiwahusu wafanyakazi wa kampuni ndogo zenye watu chini ya 50. Ukivuka mpaka kwenda Minnesota, tangu Januari 2024 mfanyakazi anajiwekea saa moja ya likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa kila saa 30 anazofanya kazi. Mama yule wa ukumbini angekuwa anaishi upande wa pili wa mpaka huo, angekuwa na akiba ya saa za kumtunzia mwanawe. Mungu ni mmoja pande zote mbili. Tofauti imewekwa na watu waliopiga kura na kutunga sheria.

Hata ajira ya watoto imerudi. Februari 2023 kampuni moja ya kusafisha viwanda vya nyama ilitozwa dola milioni 1.5 baada ya wakaguzi wa taifa kukuta watoto 102, wenye umri wa miaka 13 hadi 17, wakifanya kazi za hatari katika viwanda 13 vya majimbo manane. Wengine walikuwa wakisafisha mashine za kukatia nyama usiku. Miezi michache baadaye jimbo letu lilipitisha sheria inayowaruhusu watoto wa miaka 14 na 15 kufanya kazi hadi saa tatu usiku wakati wa shule, ilhali sheria ya taifa inakoma saa moja jioni. Harry Ward angefufuka leo, angeitambua nchi.

Kwa hiyo nadhani orodha yetu ingekuwa na mambo manne. Kwa jimbo: likizo ya ugonjwa yenye malipo, na kurudishwa kwa ulinzi wa watoto uliolegezwa. Kwa taifa: kima cha chini kinachomwezesha mtu kuishi, na wakaguzi wa kutosha wa usalama kazini, kwa sababu sheria isiyokaguliwa ni mapambo. Ndugu mwingine anaweza kunionyesha kwamba njia nyingine inafika kwenye haki ileile, nami niko tayari kusikiliza. Lakini tuanzie mahali pamoja: kibarua asidhulumiwe, mtoto asisagwe, mgeni naye apumzike.

Najua hofu ya ndugu zangu. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo siasa iliingia makanisani ikatoka na damu. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Sisemi Kanisa limpigie debe mgombea au lifunge ndoa na chama. Tukifanya hivyo tutapoteza uhuru wa kumkemea mshindi. Kusema kwamba mshahara uliozuiwa unalia mbele za Mungu si kumpigia debe mtu. Ni kusoma Yakobo kwa sauti.

Na kabla ya kwenda kwenye jengo la Bunge huko Des Moines, tuanze nyumbani. Je, anayefagia ukumbi wetu tunamlipa nini? Mwalimu wa watoto, mpiga kinanda, kijana anayeondoa theluji: tunawaita watumishi wa Bwana, halafu tunatumia jina hilo kuwalipa kidogo au kutowalipa kabisa. Nimeomba baraza la wazee liliweke jambo hili kwenye ajenda ya mwezi ujao. Nimeomba pia orodha ya mwaka 1908 isomwe katika vikundi vya Biblia vya majumbani, pamoja na Isaya 10 na Yakobo 5, na kila kikundi kiandike chini yake yale iliyoyaacha.

Yule mama nilimtafuta nikamwomba radhi kwa kimya changu. Nikamwambia Kanisa lina neno, tena lilishalisema kabla bibi zetu hawajazaliwa, ingawa halikulisema lote. Akacheka kidogo, akasema, "Haya mzee, basi mlimalizie." Jumatatu alirudi kwenye zamu yake.